Kitambaa cha Rangi ya Chungwa

Mtaani walimwita Mama Mkasi. Wengine walimaanisha kazi yake ya kushona, wengine ulimi wake. Nguo ikipita mkononi mwake, lazima iseme ilikotoka. Ndiyo maana siku aliyokuta kitambaa cha kichwa, cha rangi ya chungwa, kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, hakupiga kelele. Alikigeuza. Pindo limekunjwa ovyo, uzi mweupe, kazi ya haraka. Kilinukia kitunguu kilichokaangwa kwa samli.

"Na kushona kwenyewe hajui," alijisemea, na hilo likamuuma kuliko yote.

Mumewe alikuwa mchomeleaji vyuma katika karakana ya Kalasinga mmoja. Siku hizi kila Jumapili alitoka na shati safi. "Kuna geti la kumalizia, mama watoto." Geti gani hilo lisiloisha? Alirudi ameshiba, na kucha zake zilizozoea masizi zinang'aa kama za bwana harusi. Akipakuliwa, anamega kidogo kwa heshima, kisha anapiga miayo. Ndoa yao ilikuwa imepoa zamani. Walibaki kuulizana chumvi na funguo. Lakini ilikuwa ndoa yake, na hakuwa na nyingine.

"Mwanamume akianza kuoga bila kuambiwa, shoga, fungua macho," jirani yake muuza mkaa alimchochea.

Jumapili iliyofuata alimfuata nyuma nyuma. Mumewe aliipita karakana bila hata kugeuza shingo, akaingia kwenye jengo jeupe lenye kuba, hekalu la Makalasinga. Uani palisimama mlingoti uliovishwa nguo ya rangi ileile ya chungwa. Ni binti wa tajiri wake, au wamembadilisha dini?

Mlangoni alisimama mzee wa kilemba, ndevu hazijawahi kuona wembe, bangili ya chuma mkononi, kisu kwenye ala kiunoni.

"Karibu, dada. Viatu acha pale. Kichwa jifunike, vitambaa vimo kapuni."

Kapu lilijaa vitambaa vya rangi ya chungwa. Alikishika kimoja, akalitazama pindo. Lilelile, la ovyo.

"Na hicho kisu?"

"Cha dini yetu, kutukumbusha kumtetea mnyonge. Hakijakata hata kitunguu."

"Mnataka nini kwa watu?"

"Wakae chini, wale."

"Bure?"

"Bure. Mungu ni mmoja, na watu wote ni wake. Mkubwa akija, atakaa mkekani ubavuni mwa mfagiaji. Dini yako hatukuulizi."

Hakuamini. Ukumbini watu walikuwa wakiinama mbele ya kitabu kikubwa kilicholazwa juu ya mito.

"Guru wetu, yaani mwalimu, ni hicho Kitabu," mzee alisema. "Hatumwabudu mtu."

Lakini yeye alikuwa akitafuta mtu. Alifuata harufu ya kitunguu hadi jikoni, na huko, katikati ya wanawake waliokuwa wakicheka, akamwona mumewe: amechuchumaa, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, kitambaa kichwani, anasugua sufuria ambalo ndama angeogea humo.

"Baba watoto."

Sufuria likamponyoka.

"Mama... Tajiri alinialika kula. Nikamwona yeye mwenyewe anaosha sahani niliyolia chakula. Kutumikia watu ni ibada kwao, wanaita seva. Nikaona aibu kukaa tu."

"Ukaniambia geti!"

"Ningekwambiaje? Nyumbani sijawahi kuosha hata kikombe."

Mama Mkasi alimtazama mumewe, akatazama lile sufuria linalong'aa.

"Afadhali ningekuta mwanamke," alisema. "Angalau huyo ningemfukuza."

Kisha aliketi mkekani akala dengu na chapati, akichungulia kila bakuli, maana bado hakuamini kwamba hakuna atakayemdai kitu. Hakuna aliyemdai.

Jioni mumewe alikuta kile kitambaa cha mfukoni kimetundikwa msumarini, juu ya beseni la vyombo vichafu. Pindo lilikuwa limeshonwa upya.