Siku Nilipopeleka Riwaya Yangu Kwenye Mnada wa Sadaka

Jamani, acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mushaki, maana kwao hadithi inanenepa kila inapovuka mlima, na aibu yangu ilikuwa nene vya kutosha tangu mwanzo. Mimi ndiye yule mwandishi aliyekwenda kujitangaza kanisani, nusura akose mke.

Mnanijua. Riwaya yangu niliichapisha mwenyewe kule Goma, na tangu maboksi yalipopanda na lori kuja huku milimani sikupumzika wala sikumpumzisha mtu: asubuhi picha yangu na kitabu kwenye WhatsApp, mchana picha ileile nimeigeuza upande, jioni naingia Facebook kwa akaunti yangu ya pili (inaitwa Msomaji Mkweli, msinicheke) najiandikia "kaka, umeniliza," halafu narudi kwenye ile ya kwanza najijibu "asante sana, msomaji wangu." Vijana wa moto niliwabandikia sura yangu mbele ya taa za pikipiki zao, mpaka mmoja akanirudishia karatasi, ati abiria wanauliza kama natafutwa. Na wanunuzi? Shangazi yangu alichukua nakala moja, akafunikia sufuria.

Sasa, kanisani kwetu asiye na pesa huleta alichonacho, viazi, maharage, jogoo, fromaji (jibini yetu ya milimani), na ibada ikiisha shemasi anapiga mnada, kila kitu kinainuliwa juu watu wote wakione. Kinainuliwa juu! Hilo nimeliona tangu utoto, lakini Jumapili ile niliona kwa jicho la mfanyabiashara, nikasema haya ni matangazo ya bure na baraka juu yake, nikapeleka riwaya. Mungu anisamehe, sikuwa namtolea yeye.

Mjue pia kwamba Jumamosi iliyokuwa inakuja wazee wetu walikuwa wapande kwa kina Furaha, mchumba wangu, kupeleka dote, yaani mahari. Sisi ni watu wa jembe, wao ni watu wa ng'ombe, na baba yake, Papa Furaha, alisitasita sana kumtoa binti yake kwa kijana ambaye kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, "iko kuandika mambo yenye haikufanyika." Mzee huyo alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia juu ya goti.

Jogoo aliuzwa kwa vigelegele. Kitabu changu kikainuliwa, kimya. Mzee mmoja akataja bei ambayo hata mguu mmoja wa yule jogoo ungeikataa. Shemasi, Papa Deo, mtu wa sauti nene, akanihurumia, akaniita mwandishi kwa Kifaransa chetu.

"Ekriven, batu habajue iko nini mu ndani. Nibasomee fasi gani?"

Nilikuwa nimekunja ukurasa mzuri, wa mvua na machozi, na ningemwonyesha huo leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini watu walikuwa wananitazama, kichwa kikavimba, nikajibu kwa sauti ya juu: "Fungua popote, Papa! Kitabu yangu haina ukurasa mubaya!"

Akafungua popote.

"Kila alfajiri," akasoma, "Mzee Sebastiani alimkamua Tantine, ng'ombe wake wa pembe moja, kisha akateremka kijitoni, akaongeza maji kwenye bidoni ya maziwa, huku akiimba wimbo wa kumsifu Bwana."

Hapa lazima nijieleze. Mzee Sebastiani hayupo duniani, nilimtunga. Tantine yupo. Ni ng'ombe wa Papa Furaha, ana pembe moja kweli, na jina hilo alipewa kwa sababu anaingia mashamba ya watu bila hodi kama shangazi. Nilipoandika sikuwa hata namjua Furaha, nilimwona tu ng'ombe anapita barabarani nikalipenda jina, nikabadili majina ya watu, vijiji, hata ndevu, nikasahau kwamba huku kwetu mtu anaweza kusahau jina la jirani yake lakini la ng'ombe wa jirani halisahau. Na yale maji? Papa Furaha hajatia hata tone. Niliyatia mimi, kwa sababu hadithi ilikuwa kavu.

Kwanza mtu alicheka huko nyuma. Halafu Mama Neema, ambaye hununua maziwa ya Papa Furaha kila asubuhi, akasimama na mtoto mgongoni.

"Tantine? Tantine ya Papa Furaha? Njo maana mutoto yangu anakunywa na hashibe!"

"Mama, ile ni hadithi tu," nikasema. "Ni roman."

"Roman ya wapi? Si ngombe iko!"

Basi kila mtu akakumbuka la kwake, huyu maziwa yalikataa kuganda, yule chai haikuwa nyeupe, hata fundi baiskeli ambaye hajawahi kununua maziwa akashika tumbo. Mimi, badala ya kunyamaza, nikapanda juu ya benchi nikapiga kelele: "Ile mayi niliweka mimi!"

Kanisa zima likanigeukia. Mama Neema akauliza polepole, "Kumbe wewe njo unamusaidia kutia mayi?"

Papa Furaha akainuka. Akalipa bei ile ya aibu, akakitia kitabu kwapani, akaniambia bila kupandisha sauti, na afadhali angenipiga: "Mutoto yangu, wazee benu basipande." Kule kwenye kwaya, Furaha alikuwa amejifunika uso kwa kitanga cha mkono. Niliumia, jamani. Nilitamani kulia mbele ya jogoo wa watu.

Nikaenda kwao na baba mdogo kuomba msamaha, tumebeba chumvi ya ng'ombe kama inavyotakiwa. Tukamkuta mzee amekisoma kitabu chote.

"Mimi baniite mwizi, nitavumilia, Mungu anajua," akasema. "Lakini umeandika Tantine anatoa bidoni moja. Moja! Tantine!"

Tuliomba msamaha kwa hilo pia. Ndipo akatoa hukumu: kila asubuhi nisimame naye barabarani anapouzia, ninywe kikombe mbele ya watu, niseme kwa mdomo wangu kwamba maziwa hayana maji, mpaka mteja wa mwisho arudi. Hapo ndipo wazee wapande.

Nikanywa. (Tumbo langu limekulia maharage, maziwa mabichi yalinipita mbio, na choo cha karibu kilikuwa ng'ambo ya bonde.) Watu walikuja kunitazama, wakanipiga video, video ikafika Mweso, ikafika hadi Walikale ambako riwaya yangu haijakanyaga, na hakuna aliyeuliza jina langu, waliuliza tu, "Yule wa Tantine njo huyu?" Wa mwisho kurudi alikuwa Mama Neema. Nilikunywa, akanikagua, akasema, "Rudilia, hii ya kwanza sikuona muzuri." Nikarudilia. Akanunua. Papa Furaha akafunga bidoni, na huku anatazama barabara akasema, "Ambia wazee bapande."

Siku ya dote walinipokea kwa kikombe cha maziwa, nikakimaliza, na kwa mazoea, mbele ya ukoo wote, nikatangaza: "Haina mayi!" Furaha alicheka mpaka akakaa chini.

Kujitangaza sijaacha, ule ugonjwa hauna dawa. Ila kanisani sasa napeleka viazi. Na riwaya mpya nimeianza, mhusika wangu anafuga kuku, maana nimezunguka Mushaki nzima nikauliza, na kuku hawana majina.