Blanketi la Wakala

Mdogo wangu alizaliwa mrefu na hakuacha kurefuka. Nyumbani kwetu Mbuji baridi ya Juni haina adabu, na kila alfajiri mama alikuta miguu ya kijana wake imetokeza nje ya blanketi. Alipochoka kuifunika, alichukua mablanketi mawili makuukuu akayaunga kwa sindano ya kushonea magunia. Tulicheka mpaka tukafukuzwa jikoni. Lakini mdogo wangu alijifunika hilo hilo hadi alipoondoka kwenda kusoma Marekani, chuo kilipomgharamia masomo kwa ajili ya mpira wa kikapu.

Mimi ni mwalimu Lituhi, kule chini ziwani, na wanafunzi wangu wananijua kwa maneno yale yale: soma swali kabla ya kujibu. Ndiyo maana naona aibu kusema kwamba kosa ninalolisimulia lilikuwa langu.

Mwaka wake wa tatu chuoni, mdogo wangu aliandikisha jina kwenye drafti, yaani siku timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wapya. Alitaka kupimwa uwezo tu. Kanuni za michezo ya vyuo zilimruhusu kuliondoa jina kabla ya siku ya mwisho na kurudi kuchezea chuo, mradi asiwe amejifunga kwa wakala, mtu wa kuwatafutia wachezaji mikataba, kinyume cha utaratibu, na mradi yeye na ndugu zake wasiwe wamepokea kitu kutoka kwa wakala asiyeruhusiwa. Alinitumia kurasa zote kwenye simu. "Dada, zisome, umweleze na mama." Nikamjibu kwa alama ya kidole gumba, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Siku chache baadaye alinipigia mwanamume mmoja mwenye sauti ya upole. Alisema anafanya kazi na watu wa mpira wa kikapu wa huko Marekani, na angependa kumsalimia mama. Nilifurahi, mjinga mimi! Nikamwelekeza njia mpaka mlangoni. Mama alimpikia, na yeye akamwachia blanketi zito la rangi ya damu ya mzee. "Salamu za mwanao, mama," alisema. Mama naye akamfungia kahawa, maana kwetu mgeni haondoki mikono mitupu.

Jioni ile mama alinipigia. "Mwanangu kanikumbuka," alisema, akanieleza habari za blanketi.

Wiki ya tatu ikaingia simu ya mdogo wangu. Alikuwa ameondoa jina kwenye drafti na sasa chuo kilimtaka ajaze fomu. "Dada, kuna mtu yeyote nyumbani amepokea chochote kwa wakala?"

"Wakala gani? Sisi tumepokea blanketi lako tu."

"Blanketi gani?"

Siku hiyo ndipo nilipozisoma zile kurasa. Tukificha na ikaja kujulikana, angepoteza haki ya kucheza, na masomo yangekwenda na maji. Tukirudisha na kusema ukweli, huenda wangemhurumia. Kudanganya kungekuwa rahisi. Nani huko angeijua Mbuji? Mdogo wangu hakutaka hata kulisikia wazo hilo.

Jumamosi nilipanda Mbuji. Nilimkuta mama barazani akichambua maharage, blanketi mabegani. Nilimweleza kanuni kwa lugha ya posa: mtoto wetu ni kama binti aliyetazamwa na wachumba lakini bado yuko shule, na wakala ni mshenga aliyekuja kabla ya wakati.

"Kumbe Wazungu nao wana akili," alisema mama. "Kupokea kitu cha mshenga ni kukubali."

Yule bwana alikuwa ameahidi kurudi Jumapili na karatasi ya mama kutia sahihi. Nilimwambia tu kwamba blanketi lirudishwe, kwa kuwa lilipitia mikononi mwa wakala; lililonishinda ni kumwambia kwamba zile salamu hazikuwa za mwanawe. Nililala nalo rohoni.

Jumapili mgeni alifika. "Shikamoo, mama." Mama aliitikia, akamkaribisha kiti, kisha akamkabidhi blanketi lililokunjwa vizuri, kwa mikono miwili.

"Mama, hii ni zawadi tu."

"Baba, kitu cha mshenga ni cha mshenga mpaka wenye nyumba waafikiane. Sisi hatujaafikiana. Kahawa usirudishe, ile ilikuwa ya mgeni."

Mgeni alipoondoka nilijikaza. "Mama, lile blanketi…"

"Hakulituma yeye. Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile, nilipolitandaza kitandani. Lilikuwa fupi. Mwanangu hawezi kununua blanketi fupi." Akayarudia maharage yake. "Lakini nilitamani liwe lake. Nikajidanganya wiki tatu, na zilikuwa nzuri."

Nililia mimi, mtu mzima, mbele ya ungo wa maharage.

Mdogo wangu aliandika yote kwenye fomu: mgeni, blanketi, hata kahawa. Walimweka nje mechi tatu za mwanzo, kisha wakamruhusu kucheza. Alipopiga simu kutupa habari hizo, mama hakuuliza habari za mechi.

"Huko unakolala," alisema, "miguu inafunikwa?"

"Hapana, mama. Inatokeza."

Mama aliingia ndani akatoka na lile refu la kuungwa, akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano ya magunia, maana mshono ulikuwa umeachia katikati. Kabla ya kulipeleka posta Mbinga nilizisoma kanuni upya, zote, toka mwanzo hadi mwisho. Mama anaruhusiwa.