Mashine Aliyoifundisha Ratemo

Kwao Kebirigo, Ratemo alikuwa fahari ya kanisa zima: mtoto wa mchuma chai aliyesomea kompyuta na kuajiriwa Nairobi na kampuni ya kigeni. Kazi yake ilikuwa kuifundisha mashine kutambua nyuso za watu kwenye picha za kamera. "Ni ya kukamata wezi," alimwambia mama yake, na mwenyewe aliamini hivyo.

Christabel, mwenzake wa ofisini, ndiye aliyeng'amua mapema kwamba picha walizokuwa wakiletewa sasa ni za vijana walioandamana.

"Mimi naacha kazi," alimwambia. "Twende, Ratemo."

"Ngoja nimmalizie mama nyumba ninayomjengea."

Nyumba ikaisha, na bado hakuacha. Alikaa mwaka mzima, akijua.

Mwaka huohuo binamu yake Haron, kinyozi, alibebwa mchana kweupe na watu wasiojitambulisha. Walimwonyesha picha yake kwenye maandamano, uso wake umezungushiwa mraba mwekundu. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa haukunjiki tena. Ratemo alisimuliwa habari za ule mraba. Aliujua: ndio ambao mashine yake huuchora ikishatambua uso. Akaandika barua ya kuacha kazi.

Alidhani mambo yangeishia hapo. Lakini magazeti yalikuwa yameshaianika kampuni ile, na kila alikoomba kazi, jina lake lilimtangulia. Hospitali moja mjini Kisii ilikubali kumsikiliza. Meneja, Lynette, alimuuliza jambo moja tu.

"Ulipojua inatumiwa hivyo, ulifanya nini?"

Ratemo alianza kukusanya vyeti vyake mezani.

"Humu tunatunza siri za wagonjwa, ndugu yangu," Lynette alisema kwa upole. "Sitaweza."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Haron, akamweleza yote.

"Kwa hivyo ni wewe," Haron alisema.

"Ni mashine, lakini mimi ndiye niliyeifundisha. Nisamehe."

"Msamaha sina leo. Kesi ya kutekwa kwangu ninayo. Utayasema haya mbele ya wakili wangu?"

Ratemo alijua kwamba akisema, hakuna kampuni ya kompyuta itakayomwajiri tena. Alikubali.

Siku hizi anachuma majani chai na mama yake. Kesi bado inaahirishwa. Wakikutana kanisani, Haron huitikia salamu yake, kisha huenda kuketi upande mwingine.