Sindano na Manyoya ya Kware

Fundi pancha wa pale kona alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Tairi lako anakurudishia hujamaliza soda. Subira tu ndiyo hakujaliwa.

Jike la mbwa la mjomba wake, lililowinda miaka tisa, lilikufa siku ya kuzaa. Watoto nao wakalifuata mmoja mmoja, akabaki mmoja, macho bado hayajafunguka, mdogo kama soksi. Fundi akamchukua. Akawa anamnywesha maziwa kwa bomba la sindano, tone kwa tone, na kumlaza ndani ya tairi kuukuu chini ya meza ya kazi. Mkewe alicheka, akasema hata kifungua mimba wao hakudekezwa hivyo. Mbwa akaitwa Sindano.

Mjomba akaweka sharti, maana hiyo ndiyo mbegu yake ya mwisho. Akitimiza mwaka, mbwa atajaribiwa porini. Akifaulu, wa fundi moja kwa moja. Akishindwa, anarudi kwa mjomba. Kisha akamwambia, "Kitu unachotaka akuletee, usimpige nacho. Hata siku moja."

Fundi akafunga manyoya ya kware kwenye glavu mbovu, akawa anaitupa nyuma ya banda. "Lete!" Sindano mbio, anarudi nayo mkia juu. Mtaa mzima ukasimuliwa.

Siku moja muuza nyama akaja na wenzake kuona hayo maajabu. Glavu ikatupwa. Sindano akaifikia, akajilaza, akaanza kuitafuna kwa raha zake huku manyoya yakipeperuka. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi naye akacheka, kicheko cha juujuu. Walipoondoka tu akainyakua ile glavu, akamchapa nayo mbwa usoni mara nne, tano. Mkewe alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"Umemchapa mtoto kwa sahani yake," alisema.

Fundi akamjibu kwamba yeye mwanamke mambo ya porini hayajui. Ila glavu hakuitupa tena. Watu wakiuliza, anasema Sindano kakua, michezo ya kitoto kaacha.

Mwaka ukatimia. Wakaenda porini asubuhi, fundi, mjomba na muuza nyama. Na kweli, pua ilikuwa ya mama yake. Sindano alinusa, akaganda mbele ya kichaka, mguu mmoja juu. Mjomba akafyatua bunduki, kware akaanguka kwenye majani marefu. Fundi akavimba kichwa. "Lete!"

Sindano akaenda, akamwokota vizuri, akarudi. Hatua tatu kabla ya kufika akauona mkono wa bwana wake umenyooshwa. Akamwachia ndege, akalala chali, akajikojolea.

"Huyu anaomba msamaha kabla ya kosa," muuza nyama akasema.

Mjomba hakucheka. "Ulimpiga na nini?"

"Sijawahi kumgusa, mjomba. Mimi huyu nimemlea kwa sindano."

Mjomba akainama, akamwokota kware, akampa fundi. Akamwambia amnyanyue juu. Fundi akamnyanyua. Sindano akatambaa kwa tumbo mpaka nyuma ya miguu ya mjomba, akajificha huko, anatetemeka. Hata muuza nyama akatazama pembeni.

Fundi alisimama na ndege mkononi, hajui amweke wapi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Njia nzima alitembea nyuma yao, kware bado mkononi. Walipofika njia panda akasema, "Mjomba, nilimpiga na yale manyoya."

"Mbwa keshasema," mjomba akajibu, bila ukali. Akashika njia ya kwake, Sindano nyuma yake.

Baada ya hatua chache mbwa akasimama, akageuka, akamtazama fundi, masikio juu. Alikuwa anasubiri kuitwa. Na fundi alijua kabisa kwamba akimwita atakuja mbio, licha ya kipigo kile, na hilo ndilo lililomchoma. Akageuza uso, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa ndala.