Pipa la Buluu na Mvinyo wa Mananasi

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Ilikuwa harufu ya siki, na ilitoka kwenye pipa langu la buluu hapa Kitengela.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma ya teknolojia ya chakula. Sikusomeshwa na mtu. Niliosha vyombo hotelini miaka minne nikajilipia karo, na hata leo sioni haya kujisifu. Nilitaka kumwoa Mwende. Baba yake, Mkamba wa maneno machache, aliniambia, "Karatasi nimeiona. Sasa niletee kitu mikono yako imetengeneza. Nikishaonja, tutaongea mambo ya msichana."

Nikaahidi mvinyo wa mananasi, naye akanipa miezi mitatu. Juisi ilikuwa lita ishirini tu, lakini nilinunua pipa la lita mia mbili. Mtu wa diploma angeonekanaje na vijichupa? Kila mgeni aliyepita nilimfunulia kifuniko achungulie. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikitembeza mpaka kikawa kibaya.

Susu Nduku, nyanya yake Mwende, alikuwa amepika pombe ya asali maisha yake yote. Alikuja, akainama, akanusa, akacheka hadi akashika kiuno.

"Kijana, umelaza kuku mmoja ndani ya boma la ng'ombe! Atakosa baridi aje?"

"Lakini Susu, vitabu vyangu..."

"Vitabu vilikuambia ufungue kila saa? Hewa imekunywa mvinyo wako, ikakuachia siki."

Nikaona Mwende ananiponyoka. Susu akanigonga bega. "Miezi miwili bado iko. Inatosha, ukiacha kiburi."

Tulianza upya kwenye ndoo safi ya plastiki ya kuwekea chakula, tukaacha nafasi ya povu. Povu lilipotulia, tukahamishia kwenye mitungi midogo ya kioo, tukaijaza hadi shingoni. Kila mtungi tuliuziba kwa kizibo chenye mpira mwembamba kama mrija, ncha yake ndani ya kikombe cha maji, ili gesi itoke na hewa isiingie.

"Na usifungue," alionya, "hata pasta akija."

Siku ilipofika, mzee alionja, akasukuma gilasi mbele. "Ongeza." Kisha akaonja kachumbari. "Na hii siki ni tamu. Mlinunua wapi?" Susu alinitazama. Nikainamia nyama yangu. Mwende ndiye anayeniita mezani hivi sasa.

Kwa hiyo, mwanangu, uwe Kware au Illasit na ndoo yako moja ya matunda, chagua chombo kwa kipimo cha ulicho nacho, si cha unachotaka watu waone. Usitumie debe la chuma wala ndoo iliyobeba rangi. Povu lipe nafasi. Likitulia, nafasi iondoe. Na kinachopumua usikizibe kabisa, kitapasuka. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma sana.

Mungu aijaze mitungi yako hadi shingoni. Na siku ukikosea, akupe Susu wa kukucheka mapema.