Siku Tuliyolipa Kutazama Maji

Kwenye ubao wa lango walikuwa wamechora simba. Nilimuuliza mlinzi simba mwenyewe yuko wapi, akacheka kana kwamba nimemtania, akatufunga vikaratasi vya kijani mikononi na kutupitisha. Simba huyo wa rangi ndiye mnyama aliyenona kuliko wote niliowaona siku ile.

Tulikuwa watatu: mimi, mama, na kaka yangu mkubwa, ambaye alitupeleka kwa gari lake hadi nje kidogo ya Tororo, upande wa Kwapa, mahali wanapopaita hifadhi ya chemchemi. Kaka ni wakala wa forodha pale Busia. Kazi yake ni kuwapitishia wenye malori makaratasi yao mpakani, na kwa kuwa anashinda akitazama mali za watu zikipita, ameamini kwamba kila kitu duniani kina bei, ila vingine havijaulizwa bado. Sasa alikuwa anauliza bei ya chemchemi yetu ya Mwello, kijijini kwa baba.

Niseme mapema, mtu asije akadhani tulikwenda kustarehe. Baba alipofariki, shamba lenye chemchemi lilibaki mikononi mwa mama. Kaka alitaka kulizungushia ua, apande nyasi, alete wanyama na muziki, afungue hifadhi kama hiyo ya Kwapa. Mama asipotia sahihi, hakuna ua. Ndugu zangu wote walikuwa wamekwisha kukubali isipokuwa mimi. Nimeolewa ng'ambo, Busia ya Kenya, ninafundisha shule ya msingi, na nilikuwa nimeapa kwamba maji yaliyonilea hayatakatiwa tikiti. Basi kaka alimleta mama ajionee mwenyewe, nami nikajialika ili aone vizuri zaidi.

Na ya kuona yalikuwa mengi. Chatu alikuwa amelala ndani ya kibanda cha wavu, na kando yake kibao kikituonya kwamba ni mkali sana. Kobe alikuwa anapandwa mgongoni na watoto walioshiba, wazazi wao wakipiga makofi. Mbuni mmoja, shingo imenyonyoka kama ya kuku aliyeponea sufuriani, alikuwa anadonoa kifuniko cha soda. Twiga alikuwepo pia, wa saruji, ametiwa madoa na fundi ambaye bila shaka katika maisha yake aliwahi kumwona ng'ombe. Wanyama pekee wenye akili timamu walikuwa tumbili, na hao hawakuletwa na mtu. Walikuwepo kabla ya ua, na sasa wanaishi kwa kupora chipsi za wageni.

"Unaona mama?" kaka alikuwa akisema kila tukipiga hatua mbili. "Watu nakuja kutoka Mbale. Nakuja kutoka Kisumu. Hata wazungu nakuja."

Mzungu hatukumwona. Tuliwaona watu wa Busia na Tororo, wengine ninawajua kwa sura, ambao kila mmoja kwao kuna kijito au kisima, wamevaa miwani ya jua kuja kutazama maji ya jirani. Ukiwaita watu hao hao waje kufyeka nyasi kwenye chemchemi ya kijiji chao, watakuambia wana msiba. Hapa walikuwa wamepanga foleni, wametoa pesa, na wanashukuru.

Chemchemi yenyewe ilikuwa mwisho wa kijia cha vitofali, chini ya miti mikubwa. Haki nitaitoa: maji yalikuwa meupe, baridi, yakibubujika taratibu kutoka mchangani kama yanavyobubujika ya kwetu. Lakini yalikuwa yamejengewa ukingo wa saruji wenye umbo la moyo, ukapakwa rangi nyekundu. Spika mbili zilikuwa zinapiga muziki kuhakikisha hakuna atakayesikia maji. Kulikuwa na ubao unaosema MAJI NI YA KUTAZAMA, USIGUSE, na hatua chache kutoka hapo duka lililouza maji ya chupa kutoka Kampala. Niliusoma ubao ule kwa sauti, kisha nikaurudia, kama ninavyowasomea darasa la tatu, ili mama usimpite.

Mama akavua viatu. Kwetu mtu hasogei chemchemi na viatu, wala hachoti kwa chombo chenye masizi, kwa maana wazee walisema maji yakiona masizi hukasirika yakahama. Alikusanya gauni lake refu la gomesi, akapiga magoti penye ukingo wa moyo, akateka kwa kiganja. Kabla hajafikisha mdomoni, filimbi ikalia.

"Mama, hii maji hapana kunywa!" mlinzi wa hapo chemchemini alipaza sauti akija mbio. "Hii ni ya kuona tu. Kama iko na kiu, dukani maji iko."

Nilifurahi, sitaki kuficha. Hata ningemlipa mlinzi yule asingenisaidia zaidi ya hivyo. Nikamgeukia kaka, nikahakikisha na watu wa karibu wananisikia. "Tangu lini mtu akapigiwa filimbi kwa kunywa maji ya ardhini? Hivi ndivyo utakavyomfanya mama yako kule Mwello?"

Kaka alimvuta mlinzi kando wakanong'onezana. Mama alisimama, akapangusa mkono kwenye gomesi. Nilidhani kazi imekwisha.

Ndipo wakaja watu wa harusi. Walitokea kwenye kijia na mwavuli mweupe, wasimamizi wa bibi harusi wakiwa na nguo za rangi ya papai, bwana harusi anatokwa na jasho ndani ya suti ya kuazima, na bibi harusi mwenyewe anatembea kwa shida kama aliyeshonewa lile gauni mwilini. Mpiga picha alimkalisha ukingoni, akamwambia azamishe vidole majini na kutabasamu. Mlinzi aliitazama filimbi yake, akaiacha ilale kifuani. Kumbe kugusa nako kuna bei yake.

"Tazama vioja, mama," nikasema. "Mtu mzima na kope za kubandika, anapiga picha na shimo la maji."

"Nyamaza kidogo," mama akaniambia.

Alikuwa anamtazama bibi harusi bila kupepesa. Sasa, mama ni Msamia wa Busia, na alipoolewa Mwello hakujua hata salamu ya Kipadhola, lugha ya kina baba. Yeye na baba walichumbiana kwa Kiswahili cha mpakani, na hadi leo ndicho tunachozungumza nyumbani.

"Mimi waliniamsha alfajiri," alisema. "Dada za baba yako. Hata jikoni sijaona. Wananipeleka kwa chemchemi, wananipa mtungi, wananiambia, bibi arusi, hapa ndiyo kwako. Wanacheka. Na mimi nacheka. Nafikiri hii ni mchezo ya arusi, kesho itaisha."

Akatuonyesha bibi harusi kwa kidevu.

"Huyu mtoto pia wamemleta kwa maji," mama akaendelea. "Lakini angalia mkono yake. Wamempa maua."

Ningekuwa na busara ningenyamaza. Badala yake nilimkumbusha kwamba chemchemi ya Mwello ni ya ukoo, kwamba sisi sote tumekulia pale, kwamba maji yale ni sehemu yetu. Nilisema vizuri sana. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulikulia shule ya bweni," akasema. "Likizo unakuja, unakuta pipa imejaa. Ulikuwa nafikiri nani najaza?"

Kaka akaangua kicheko.

"Na wewe usicheke. Wewe ulikuwa naoga mara mbili."

Kicheko kikakatika. Mama akamwambia kaka kwamba atatia sahihi, nami nikajua nimeshindwa, lakini alikuwa hajamaliza. Kwanza kaka avute bomba hadi barabarani, kila mke wa Mwello afungue achote, bila tikiti na bila filimbi. Siku atakayoona maji yanatoka kwenye bomba hilo, ndipo wazungumze habari za ua. Kabla ya hapo asimwone hata na msumari.

"Mama, bomba nakula pesa mingi," kaka alilalamika.

"Basi kaa na malori yako."

Nilimuuliza kama kweli, hata hivyo, atakubali chemchemi yetu ijengewe moyo mwekundu. Akasema moyo ni mbaya kweli, lakini si huo uliomwangusha yeye kwenye utelezi wa chemchemi akiwa na mimba. Sikujua habari hiyo. Nilimtazama kaka, naye hakuijua. Mama hakutupa nafasi ya kuuliza, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuondoka, peku, anaelekea kwa bibi harusi, anapita katikati ya picha za watu.

"Mwanangu," alimwambia. "Huko unakwenda, maji iko?"

Bibi harusi alibabaika, akamtazama mpiga picha, kisha akamjibu kwa heshima, "Iko, mama. Bomba iko ndani ya nyumba."

Mama akapiga vigelegele. Alipiga peke yake, kichwa ameinua, kwa nguvu mpaka vikashinda spika na wasimamizi wakaanza kuitikia bila kujua sababu. Kwenye harusi yangu pia alipiga, lakini si vile.