Mama Albano na Chungu Asichokionja

Nianze na kosa langu, maana watu wa Temeke washaniambia nisipoanza nalo mwenyewe wataanza wao. Jumatatu nilipita kwenye banda la chakula la Mama Albano, nikamkuta anapika vyungu na masufuria manne na haonji hata kimoja. Nikacheka, nikaandika mistari mitano, na Jumatano gazeti hili likatoka nayo: Temeke yuko mpishi asiyetia mdomoni chakula anachowapikia wenziwe.

Nilidhani nimechekesha. Alhamisi asubuhi benchi zake mbili, zinazochukua watu kumi na wawili kwa kubanana, zilikuwa na wateja watatu na paka.

Leo Ijumaa nimerudi, na safari hii nimewahi.

Saa kumi na moja alfajiri. Mama Albano anapuliza moto kwenye mafiga, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani kuzuia majivu. Chungu cha maharage ya nazi kimelala juu ya makaa tangu jana jioni, sasa kinaguna chini chini. Pembeni kuna ugali, mchicha na samaki wa kukaanga. Anafunua chungu, anainama, ananusa. Halafu anatega sikio, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya pili. Anafunika.

"Yameiva," anasema.

"Umejuaje na hujaonja?"

"Maharage mabichi yanapiga kelele. Yakiiva yananong'ona. We sikiliza."

Nasikiliza. Mie nasikia maharage tu.

Baada ya hapo anakaa kwenye kigoda na kuvuta sinia lake mwenyewe. Lina papai, matango yaliyokamuliwa ndimu, karanga mbichi zilizolowekwa tangu jana, nazi ya kukunwa, mabibo mawili mekundu, na dafu lililokwisha chongwa. Hakuna kitu hapo kilichopita kwenye moto. Hicho ndicho chakula chake, leo siku ya sita.

Mwenyewe anaita kufunga moto. Kila baada ya miezi mitatu, siku saba, Jumapili mpaka Jumamosi.

Jina lake la ubatizo ni Sesilia. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1946 kutoka Ndanda, pamoja na mumewe Nikodemu, fundi mwashi. Miaka minane sasa anawapikia makuli wa bandarini, wanaokula shibe moja asubuhi na kwenda nayo kazini mpaka jioni. Sahani yake ni senti arobaini. Siku njema huuza sahani arobaini na mbili, na hizo ndizo zinalipa chumba, kuni, na ada ya Albano, mwanawe wa pekee, anayesoma shule ya misheni huko kwao.

"Watu wanafikiri mpishi anashiba harufu," anasema huku akitafuna tango. "Mpishi analambaga kutwa. Upawa hapa, mkia wa samaki pale, ukoko, mabaki unayoona uchungu kuyamwaga. Jioni ungeniuliza nimekula nini, ningekuapia sijala kitu! Kumbe nimekula cha watu watatu."

Miaka miwili nyuma mwili ukaanza kumdai. Kiungulia kilimwamsha usiku. Miguu ilivimba mpaka viatu vya kanisani akavibeba mkononi. Pete ya ndoa ilizama kidoleni ikawa kama imeota humo. Na usingizi ulipomkimbia, hasira ikahamia.

"Waliniitaga Mama Pilipili. Kuli mmoja aliuliza, mama, huyu samaki mbona mdogo, nikampiga na mwiko. Mwiko wenyewe umetoka jikoni sasa hivi."

"Akarudi?"

"Akarudi. Utamwona leo, kama atakuja." Hapo anatazama benchi tupu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatafuni.

Huu mfungo hakuufundishwa na mtu. Uliletwa na mvua. Masika ya mwaka jana ilinyesha siku nane mfululizo, kuni zote zikalowa, maji yakaingia bandani. Nikodemu akahamia kwa dada yake kule Keko, alikofuata wali wa moto. Mama Albano akabaki kulinda vyungu, akila kile kisichohitaji jiko: mapapai ya uani, matango, karanga mbichi, na madafu yaliyoangushwa na upepo.

"Siku ya kwanza niliona mchezo. Ya pili kichwa kikaniuma, nikamchukia kila mtu, na ndani hamna mtu. Ya tatu nikalia. Sijui nililia nini, labda ugali." Anacheka mpaka dafu linatikisika. "Ya nne nikalala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Ya tano niko nafua, nikasikia kitu kimelia ndani ya beseni. Pete! Imetoka yenyewe!"

Nikodemu, aliyekuwa akipanga sahani za bati, anadakia. "Mie narudi siku ya nane, nipo mlangoni, nasikia mke wangu anaimba. Mwanamke hajaimba tangu tumetoka kwetu. Nikajua tu, humu ndani kuna mwanamume."

"Ukaingia na jiwe!"

"Niliingia na jiwe, ndiyo. Nikamkuta yeye na papai."

Tangu siku hiyo, anasema, kila akifunga moto miguu inarudi kuwa yake, tumbo linatulia, na moyo unakuwa mwepesi. Anaimba, anatania. Hajampiga mteja na kitu chochote kwa mwaka mzima na zaidi.

Mie siyo daktari, kwa hiyo nilimwuliza Bwana Kamugisha, dresa wa zahanati, ambaye humtazama kila anapofunga. "Huyu ni mzima, na anakula vya kutosha, haachi kula," aliniambia. "Lakini mjamzito asijaribu, mtoto asijaribu, na mwenye maradhi aje kwanza kwangu. Muhogo mchungu mtu asiuguse mbichi, utamwua. Na vyote vioshwe kwa maji yaliyochemshwa."

"Maji yaliyochemshwa si yamepita kwenye moto?" nilimchokoza Mama Albano.

"Maji siyo chakula," alinijibu. "Usinitafutie kesi nyingine."

Sasa kwa wasiolijua banda la makuli, kuna desturi moja hapo. Mpishi akishaepua, huchota upawa mbele ya wateja, akamimina kiganjani, akalamba. Wenyewe huita kutoa uchawi. Hapo ndipo sahani zinapoanza kutembea. Mpishi asipolamba hakuna atakayemtukana, ila hakuna atakayekaa.

Wiki za mfungo alikuwa analamba Nikodemu kwa niaba ya mkewe, na watu waliona sawa. Mpaka mistari yangu mitano iliposomwa kwa sauti pale makuli wanapongojea kuitwa kazini.

Saa moja kasorobo wanatokea. Mbele yuko Mwishehe, nyapara wao, bonge la mtu mwenye kovu dogo la mwiko juu ya kiwiko. Nyuma yake watu kumi na sita, magunia begani. Wanasimama nje ya banda, mstari mzima, kama wanangojea kupigwa picha.

"Hodi, Mama Albano."

"Karibuni, baba. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Tunataka kubaki hivyo hivyo."

Kicheko nyuma. Mwishehe ananyoosha mkono kuwanyamazisha.

"Gazeti limesema huli chakula chako. Sie siyo wote tunajua kusoma, lakini hilo tumesomewa mara tatu."

"Mie nimefunga."

"Mfungo gani wa kula mchana? Sie Ramadhani tunafunga kutwa, jua likizama tunafuturu. Nyie Kwaresima mnaacha nyama. Wewe unatafuna tangu alfajiri, mbele ya macho yangu, halafu unasema umefunga?"

"Nyie mnafunga mdomo," anasema Mama Albano. "Mie nafunga moto."

Wanacheka tena, ila hakuna anayekaa.

"Onja kijiko kimoja, mama. Tukae. Tuna meli inatungoja."

Mama Albano anatazama chungu. Jana amemwaga maharage ya watu thelathini, mengine akawagawia majirani. Leo akimwaga tena, kesho hana mtaji wa kupikia. Nikodemu anamsogelea.

"Onja, mke wangu. Kijiko kimoja hakivunji kitu."

"Kimoja ndicho kilichovunja ule wa Mei. Saa mbili nilionja kimoja, saa sita nilishaonja kumi na tano, jioni mnaniokota kwenye ukoko." Anawageukia makuli. "Jamani, miaka minane nawapikia. Nimewahi kumlaza mtu?"

"Uliwahi kunipiga," anasema Mwishehe.

"Ndiyo sababu nafunga!"

Nikodemu anaona mambo yanakwama. Anachukua upawa. "Basi nalamba mie kama siku zote."

"Weka chini," anasema Mwishehe. "Mume siyo shahidi. Waume wangapi mji huu wamelishwa dawa na wake zao, wakasema tamu?"

Hapo watu wanacheka mpaka magunia yanaanguka. Mwishehe mwenyewe hacheki. Macho yake yamenifikia mie, kwenye kona, na daftari langu.

"Yule si ndiye mwandishi?"

Nasema ndimi.

"Yeye katutia hofu. Yeye alambe."

Sina pa kwenda. Mama Albano ananimiminia kiganjani upawa mzima wa maharage. Yanaunguza. Nalamba.

Makuli kumi na saba wananitazama usoni.

"Mwangalieni macho," mmoja ananong'ona.

"Mpisheni," anasema mwingine, "apate pa kuangukia."

Maharage yameiva barabara. Nazi imetulia, kitunguu kipo, na kuna harufu ya majani ya mchaichai kwa mbali. Lakini kuna jambo, nami nasita kulisema, kwa sababu mistari yangu mitano imeshamharibia mtu wiki.

"Sema!" anaamuru Mwishehe.

"Hayana chumvi," nasema. "Hata chembe."

Mama Albano anashika kinywa. Miaka minane mkono wake haupimi chumvi. Ulimi ndio unaopima. Huweka kidogo, akalamba, akaongeza. Wiki hii ulimi uko likizo, mkono unakisia, na tangu gazeti litoke, kwa mawazo, chumvi kaisahau yote. Polepole anamgeukia mumewe.

"Nikodemu. Jana si ulilamba ukaniambia tamu!"

"Tamu ilikuwepo, mke wangu," anasema Nikodemu, akirudi nyuma hatua moja. "Chumvi ni jambo lingine."

Na wale wateja watatu wa Alhamisi? Walikula wakanyamaza. Nimewauliza baadaye, wakasema walikumbuka mwiko.

Makuli wanamtazama nyapara wao. Mwishehe anakuna kidevu, anatazama chungu, anamtazama mpishi ambaye sasa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, haijulikani analia au anacheka.

"Sikilizeni," anasema. "Mtu anayetaka kukuua hasahau chumvi. Anaikoleza, ili umalize sahani."

Anaingia, anakaa. Benchi inalia. Wa pili anakaa, wa tatu, na dakika hiyo hiyo hakuna tena pa kukaa, wengine wanachuchumaa nje. Mama Albano anafunua uso. Kumbe alikuwa anacheka. Anajaza chumvi kwenye kifuu cha nazi, kinazunguka mkono kwa mkono, kila mtu anajitilia yake.

"Taratibu huko, siyo chumvi ya baba yako!"

"Mama, huyu samaki mbona mdogo?" anauliza Mwishehe.

Banda zima linainama chini. Mama Albano anamtazama, anautazama mwiko, halafu anachukua bibo moja kutoka kwenye sinia lake, la mwisho, anamwekea pembeni ya sahani.

"Ongeza na hili."

Mwishehe anauma. Maji yake yanamtiririka mpaka kwenye shati, na doa la bibo halitoki tena, ila hajali. "Haya mabichi yako," anasema akijipangusa, "yangekuwepo na saa sita pale bandarini, mtu ana kiu, mgongo unawaka..."

Hajamaliza, lakini Mama Albano kishasikia. Ananielekeza kwa kidole sehemu ya banda ambapo leo kuna rundo la kuni. Hapo, ananiambia, Nikodemu atamjengea meza. Itakuwa na papai, machungwa, matango, karanga za kulowekwa na madafu, kwa senti kumi, mtu ale hapa au afunge kwenye jani aende nayo. Anataka ianze kabla maembe hayajaisha. Na kifuu cha chumvi kitabaki mezani daima, ili asitegemee tena ulimi wa mume anayempenda kupita kiasi.

Habari zinatembea, makuli wengine wanafuata, na kufika saa mbili zimetoka sahani thelathini na nane. Leo paka hakupata kitu. Kwa hiyo naandika tena, wazi, pale pale nilipokosea: chakula cha Mama Albano ni salama, nimekila mwenyewe, nikaongeza sahani ya pili.

Anabakiza siku moja, kesho. Anasimama katikati ya benchi zake zilizojaa, mikono kiunoni, na ile pete inacheza kidoleni.

"Miezi mitatu ijayo nafunga tena," anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nimechoka kufunga peke yangu. Nani kati yenu atafunga moto na mie? Siyo siku saba. Siku moja tu. Nani?"

Vidole vinakwangua sahani za bati. Nikodemu anakumbuka kuna kuni za kupasua. Mwishehe anatafuna, macho kwenye ugali. Nami nimejaza mdomo.

"Jamani, nauliza."